JUA: MOTO USIOHITAJI KUNI



Katika somo hili tutajifunza habari za jua: limeumbwaje, moto wake unatoka wapi, na kwa nini mara nyingine huwa na ghasia. Pengine mtu atauliza, "Mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Tabora, wenye mashamba ya tumbaku na mahindi na mizinga ya nyuki?" Yanatuhusu sana. Jua ndilo linalokuza mahindi yetu, ndilo linalokausha nguo zetu, na jua hilo hilo ndilo linalochoma ngozi za baadhi ya jirani zetu hata kuwaua. Yafaa basi tulifahamu vizuri.

1. Jua katika njia ya misafara

Njia ya zamani ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo na jirani zake, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakiwa na pembe za ndovu, nguo na shanga. Saa yao ilikuwa jua: waliondoka mapema, wakatua mizigo kabla joto halijazidi. Na katika majina ambayo Wanyamwezi wa kale walimwita Mungu limo Limi, yaani Jua, na Limatunda, yaani Muumba. Sisi tunasoma katika Mwanzo sura ya 1 kwamba jua ni kiumbe, ni taa iliyowekwa. Lakini tusiwacheke wazee wetu. Waliona jambo la kweli, kwamba bila jua hakuna uhai hapa duniani.

Wasafiri kutoka Ulaya nao walilitumia jua, ila kwa kulipima. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Speke ndiye aliyepima jua, mwezi na nyota kwa chombo kiitwacho sekstanti. Chombo hicho huonyesha jua limepanda digrii ngapi angani, na kwa kipimo hicho msafiri hujua yuko mbali kiasi gani na ikweta.

Sisi tupo kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 8 Machi likienda kaskazini, na karibu na tarehe 6 Oktoba likirudi kusini. Msomaji anaweza kuhakikisha mwenyewe. Siku hiyo ya Machi simamisha kijiti wima kabisa uwanjani. Ikifika saa saba mchana kivuli chake kitakuwa kimetoweka.

Kwa nini saa saba, wala si saa sita? Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, nasi tupo karibu na digrii 33. Tofauti ni digrii 12. Dunia huchukua dakika 4 kugeuka digrii moja, basi digrii 12 ni dakika 48. Mwezi Machi huongezeka dakika nyingine kama 11, kwa sababu dunia imeinama na mwendo wake wa kulizunguka jua hauko sawa mwaka mzima. Wanafunzi wa darasa la saba waweza kuifanya hesabu hii bila shida.

2. Umbali na ukubwa

Jua liko mbali nasi kilometa milioni 150. Tulinganishe na safari za misafara. Msafara hodari, uendao kilometa 20 kila siku bila kupumzika hata siku moja, ungehitaji siku milioni 7 na nusu kufika huko. Hiyo ni miaka zaidi ya 20,000. Lakini mwanga wa jua huipita njia hiyo yote kwa dakika 8 na sekunde 20, muda usiotosha kuivisha sufuria ya uji.

Upana wa jua ni kilometa 1,392,000. Dunia zetu 109 zikipangwa mstari mmoja ndipo zingefikia upana huo. Uzito wake ni sawa na dunia 333,000. Na vitu vilivyomo ndani yake si mawe wala chuma kwa wingi, bali ni gesi mbili nyepesi. Karibu robo tatu ya uzito wa jua ni haidrojeni, na karibu robo ni heliamu. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1925 na mwanamke kijana, Cecilia Payne. Wakubwa wake hawakukubali mara moja, ila baadaye walikiri kwamba alikuwa amesema kweli.

3. Moto huu unatoka wapi?

Kwa muda mrefu wataalamu walisumbuliwa na swali hili. Sisi tunaochoma mkaa tunalielewa: hakuna tanuri lisilokwisha kuni. Walipiga hesabu wakaona kwamba jua, hata kama lingekuwa bonge zima la makaa, lingekwisha kwa miaka elfu chache tu. Katika karne ya 19 Lord Kelvin na wengine walisema kwamba jua hutoa joto kwa kujibana na kusinyaa. Hesabu yao iliwapa miaka milioni chache makumi. Hiyo nayo haikutosha, maana miamba ya dunia ilionyesha umri mkubwa zaidi.

Mwaka 1919 mtaalamu wa nyota Mwingereza, Arthur Eddington, Mkristo wa dhehebu la Marafiki, alikwenda kisiwa cha Principe, magharibi ya Afrika, kutazama kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei. Kivuli kile cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita Kongo na sehemu za kusini za nchi yetu, kikaishia mashariki jua likikaribia kutua. Vipimo vya siku hiyo viliipa nguvu nadharia ya Einstein. Mwaka uliofuata, 1920, Eddington alieleza kwamba huenda jua hupata nguvu zake kwa kuunganisha haidrojeni iwe heliamu. Mwaka 1939 Hans Bethe alionyesha hatua zenyewe.

Mambo huenda hivi. Chembe nne za haidrojeni huishia kuwa chembe moja ya heliamu. Lakini ukipima, heliamu hiyo ni nyepesi kidogo kuliko zile nne zilizoingia. Katika kila kilo 1,000 za haidrojeni hupatikana kilo 993 za heliamu. Kilo 7 zilizopungua hazikupotea, zimegeuka kuwa nguvu: mwanga na joto. Kila sekunde jua huunganisha haidrojeni kama tani milioni 600, na tani milioni 4 hivi hugeuka kuwa nguvu. Pamoja na matumizi hayo jua limedumu miaka bilioni 4.6, na lina akiba ya miaka bilioni 5 hivi.

Mtu asidhani kwamba moyo wa jua unalipuka kama baruti. Kazi hii huenda polepole sana. Mita moja ya ujazo ya moyo ule hutoa nguvu isiyofikia balbu tatu za wati mia. Jiko letu la mkaa linaushinda! Jua linatupa joto jingi kwa sababu ni kubwa mno, wala si kwa sababu lina haraka.

Je, nani ameingia ndani akaona? Hakuna. Lakini kazi ile huzaa chembe ndogo sana ziitwazo neutrino, ambazo hutoka moja kwa moja bila kuzuiwa na kitu. Kila sekunde mabilioni ya chembe hizo hupita katika ukucha wa kidole chako, mchana na hata usiku, maana hupenya dunia nzima. Raymond Davis wa Marekani alizinasa ndani ya mgodi kuanzia miaka ya 1960, lakini alipata kama theluthi moja tu ya zile zilizotazamiwa. Mwaka 2001 na 2002 vipimo vya huko Kanada vilionyesha kwamba zilizokosekana zilikuwa zimebadilika aina njiani. Hesabu ikatimia.

4. Matabaka ya jua

Tulikate jua kama chungwa, tutoke ndani kwenda nje.

(a) Kiini. Hapa ndipo penye kazi tuliyoieleza. Joto lake ni digrii milioni 15 za Sentigredi. Gesi imeshindiliwa hata ikawa nzito mara 150 kuliko maji.

(b) Ukanda wa mwanga. Nguvu zitokazo kiini hupita hapa kama mwanga unaogongwa na chembe huku na huku, mfano wa mtu anayetafuta njia katikati ya watu waliojaa sokoni. Safari hii huchukua makumi ya maelfu ya miaka au zaidi. Mwanga uliokuangazia asubuhi hii ulizaliwa kabla ya mtu yeyote kulima shamba duniani.

(c) Ukanda wa mchemko. Katika theluthi ya nje, gesi yenye joto hupanda, ikipoa hushuka, kama maji ya ugali yanavyochemka sufuriani.

(d) Uso wa jua. Hii ndiyo sehemu tunayoiona iking'aa. Joto lake ni digrii 5,500 hivi. Kwa darubini uso huu huonekana una punje punje, kila punje ikiwa na upana wa kilometa kama 1,000. Hizo ndizo povu za mchemko.

(e) Anga la jua. Juu ya uso kuna tabaka jembamba jekundu, na nje yake kuna taji, yaani korona, lenye joto la digrii milioni moja na zaidi. Ajabu ni kwamba nje pana joto kuliko usoni, kama vile hewa iliyo mbali na jiko ingekuwa ya moto kuliko jiko lenyewe. Wataalamu wanaona kwamba nguvu za sumaku ndizo zinazopandisha joto hilo, na uchunguzi wa namna yake unaendelea.

5. Sumaku na ghasia za jua

Jua halizunguki kama jiwe. Katikati yake hugeuka mara moja kwa siku 25 hivi, lakini karibu na ncha huchukua siku kama 35. Gesi yake ina umeme, na gesi yenye umeme ikitembea huzaa sumaku. Basi nguvu za sumaku za jua huvutwa na kusokotwa kama kamba ya katani mikononi mwa fundi. Kamba ikizidi kusokotwa hujikunja na kutokeza nje. Pale inapotokeza, huzuia joto lisipande kutoka chini, na mahali hapo hupoa kidogo. Hayo ndiyo madoa ya jua. Huonekana meusi kwa sababu yamezungukwa na mwanga mkali zaidi, ila hata yenyewe yana joto la digrii kama 3,500. Mwaka 1908 George Hale wa Marekani alithibitisha kwamba yana sumaku kali.

Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Kila mzunguko sumaku ya jua hupinduka, ya kaskazini ikawa ya kusini.

Kamba iliyosokotwa mno hukatika. Sumaku za jua zikikatika na kuungana upya, hutokea mlipuko, na mara nyingine wingu kubwa la gesi yenye umeme hutupwa angani. Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington, alipokuwa akichora madoa ya jua, aliona mwanga mweupe ukizuka ghafula juu yake. Baada ya saa kama 17 na nusu dhoruba ya sumaku iliifikia dunia. Simu za waya za Ulaya na Marekani zilivurugika, na baadhi ya mafundi walipigwa na umeme.

Na hapa Tabora je? Mwaka ule hapakuwa na waya hata mmoja. Habari zilibebwa na miguu ya watu. Dhoruba ilipita juu ya Unyanyembe bila mtu kuihisi. Aliyekuwa na dira, kama alikuwapo, angeweza kuona mshale wake ukitikisika, basi. Somo ni hili: dhoruba za jua haziudhuru mwili wa mtu aliye chini duniani, huudhuru umeme wake. Kwa hiyo kadiri tunavyozidi kutegemea nyaya na setelaiti ndivyo jambo hili linavyotuhusu. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo ilizima umeme wa watu milioni 6 huko Quebec, Kanada, kwa saa kama 9. Vile vile, mlipuko mkubwa ukitokea mchana, redio za masafa mafupi huweza kunyamaza kwa muda.

Hata hivyo tusilibebeshe jua kila lawama. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilitokea dhoruba kali kuliko zote tangu mwaka 2003. Tarehe 12 Mei, siku moja tu baadaye, intaneti ilivurugika Tanzania na nchi jirani. Mtu angeweza kusema, "Tazama, jua hilo!" Lakini sababu ilikuwa kukatika kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mambo mawili kufuatana hakuthibitishi kwamba la kwanza limezaa la pili. Tungelishika neno hili, ni jirani wangapi wasingesingiziwa uchawi kwa sababu tu walipita njiani kabla mtoto wa mtu hajaugua!

6. Kuyalinda macho

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, usiweze kulifunika jua lote, ukaacha pete ya mwanga pembeni. Watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuitazama pete hiyo. Hapa Tabora sehemu kubwa ya jua ilifunikwa.

Siku kama hiyo ikija tena, wazazi na walimu wakumbuke haya. Mwanga wa jua huunguza sehemu ya ndani ya jicho, na sehemu hiyo haina maumivu. Mtoto huungua bila kulia, kesho yake haoni herufi ubaoni. Kutazama jua ndani ya karai la maji si salama. Picha za eksirei si salama, wala miwani ya kawaida ya jua. Tumieni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Ikikosekana, toboeni karatasi ngumu kwa sindano, lipeni jua kisogo, mwache mwanga upite tunduni uanguke juu ya karatasi nyingine. Mtaiona sura ya jua hapo. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani hufanya kazi hiyo hiyo, na ardhi hujaa vijimwezi vidogo vya mwanga.

7. Jua moja, ngozi mbalimbali

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niandike. Jua hutoa pia mionzi isiyoonekana, ipitayo rangi ya zambarau. Tabaka la ozoni huzuia sehemu kubwa. Lakini sisi tupo karibu na ikweta, na katika mwinuko wa mita kama 1,200. Jua likiwa utosini mionzi hiyo hupita hewa kidogo tu, hutufikia ikiwa kali. Walio wengi tuna rangi ya ngozi inayotukinga. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, au wanayo kidogo sana.

Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 hivi hukadiriwa kuwa na ualbino. Hali hii haitokani na laana wala mzimu, wala si dhambi ya mama. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huweza kuwa na rangi ya kawaida. Twajua kwa huzuni kwamba huku kwetu magharibi na kanda ya Ziwa watu hawa wamewindwa na kuuawa kwa imani potofu za kutafuta utajiri. Uovu huo umelaaniwa waziwazi. Lakini yuko muuaji mwingine asiyetangazwa, nayo ni saratani ya ngozi. Wengi huchukuliwa nayo wakiwa bado vijana, na kinga yake yajulikana.

Yafuatayo yamo katika uwezo wetu:

(a) Mtoto mwenye ualbino asipelekwe kupalilia tumbaku wala kuchunga kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Apewe kazi za kivulini au za asubuhi mapema.

(b) Apewe kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya namna hiyo yalitengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ngozi hizo. Mafuta ya kujipaka ya kawaida hayakingi.

(c) Shuleni akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, maana macho yake pia ni dhaifu. Asihesabiwe mjinga kwa kutoona ubao.

(d) Kidonda cha usoni, sikioni au shingoni kisichopona kwa wiki chache kipelekwe hospitali upesi. Kikiwahiwa huondolewa.

(e) Na sisi parokiani tujitazame. Kwenye mazishi, mikutano ya injili na sikukuu tunazofanyia nje, nani hupewa nafasi chini ya turubai? Mara nyingi ni wageni wa heshima. Tuanze kuwaweka hapo wale ambao jua linawaumiza.

Katika Mathayo 5:45 Bwana anatukumbusha kwamba jua moja huwaangazia watu wote bila kubagua. Basi kazi ya kubagua kivuli, nani anakihitaji zaidi, imeachwa mikononi mwetu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini jua lisingeweza kuwa moto wa makaa? Eleza kwa hesabu.
2. Madoa ya jua huonekana meusi, nayo yana joto kali. Kwa nini?
3. Tafuteni kijijini mfano wa jambo ambalo watu walilaumu sababu isiyo yake. Sababu ya kweli ilikuwa nini?
4. Katika mtaa wenu kuna watu wangapi wenye ualbino? Je, wana kofia na mafuta? Nani atakwenda kuwauliza wiki hii?